Gari linapinda kushoto vizuri kuliko kulia: kosa liko wapi?

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma. Anaandika kwamba alimnunulia mwanawe gari dogo la kuongozwa kwa redio, la kipimo cha 1/18, lililokwisha kutumika. Miezi michache baadaye meno ya servo ya usukani, yaani kile kifaa chenye mota ndogo kinachogeuza magurudumu ya mbele, yalikatika, akanunua nyingine na kuifunga mwenyewe. Tangu siku hiyo gari likipinda kushoto linageuka ndani ya baraza bila kugusa ukuta, lakini likipinda kulia linahitaji karibu ua mzima. Mwanzoni lilikuwa pia likivuta kushoto; akazungusha kitufe cha trimu, kile cha kusahihisha katikati ya usukani, kwenye telekomande mpaka karibu mwisho wake, na sasa linakwenda moja kwa moja, ila tofauti ya kupinda imebaki pale pale. "Nimekaza, nimelegeza, nimepaka mafuta," anasema, "na kila nikigusa linazidi. Je, servo mpya ni mbovu?"

Mwalimu, nakushukuru kwa maelezo yako, kwa sababu ndani yake umeshatoa sehemu kubwa ya jibu bila kujua. Servo yako kwa kila dalili ni nzima. Kilichokosewa ni mahali mkono wake ulipokaa siku ulipoufunga. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo, kisha tutengeneze kwa utaratibu, maana ukianza kwa kuvuta huku na kusukuma kule, utaongeza makosa mapya juu ya lile la kwanza.

Servo haijui kushoto wala kulia. Inajua urefu wa mpigo wa umeme inaoletewa na kipokezi, kwa kawaida mara 50 kwa sekunde. Mpigo wa mikrosekunde 1500 huiambia ikae katikati, 1000 huipeleka mwisho wa upande mmoja, na 2000 mwisho wa upande wa pili. Kwa servo nyingi, hizo mikrosekunde 500 za kila upande ni kama digrii 45 za mzunguko. Ekseli ndogo inayotokeza juu ya servo ina meno madogo kuizunguka, na mkono unaosukuma vijiti vya usukani hukaa juu ya meno hayo. Meno yenyewe mara nyingi ni 25, na kwa watengenezaji wengine ni 24 au 23. Gawanya duara lote, yaani digrii 360, kwa 25: kila jino linachukua digrii 14.4. Hakuna nafasi kati ya jino na jino. Ukiuweka mkono jino moja pembeni ya mahali pake, umeukosea kwa digrii 14.4, na kwenye servo ndogo zenye meno machache zaidi, kosa la jino moja ni kubwa kuliko hapo.

Sasa tazama gari lako. Ulipofunga mkono, servo haikuwa imewashwa, na servo inayotoka kwenye boksi haina wajibu wa kuwa imesimama katikati. Ukanyoosha magurudumu kwa mkono, ukakaza skrubu, ukafunga kifuniko. Betri ilipoingia, servo ikaenda kwenye katikati yake yenyewe na kuyavuta magurudumu kidogo kushoto. Hapo ndipo ukaitafuta trimu. Digrii 14.4 ni sawa na mikrosekunde 160 hivi, kwa hiyo trimu ilibidi iutoe mpigo kwenye 1500 na kuupeleka kama 1660 ili magurudumu yanyooke. Tukichukua kwamba 2000 ndiyo mwisho wa kulia, upande huo umebakiwa na mikrosekunde 340 za kupinda, ilhali kushoto kuna 660, karibu mara mbili. Na kwa kuwa trimu ilinyoosha mwendo wa moja kwa moja bila kubadilisha mizunguko mikubwa, najua pia kwamba kwenye telekomande yako trimu inasogeza katikati tu, miisho inabaki mahali pake. Ndiyo maana nasema umenipa jibu mwenyewe.

Kabla ya kufungua kitu, hakikisha betri zote mbili zimejaa, za gari na za telekomande. Chora mstari kwa chaki kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Ua wa mawe ya lava haufai, kwa sababu kila jiwe lina maoni yake kuhusu njia ya gari. Endesha pole pole, usukani mpaka mwisho kushoto, na upime kipenyo cha duara, kisha kulia. Andika namba hizo mbili. Jicho linadanganya sana katika kazi hii, hasa linapotaka kuamini kwamba kazi imekwisha.

Sasa toa magurudumu ya mbele na ukitenganishe kijiti cha usukani na mkono wa servo. Umeme ukiwa umezimwa, sukuma usukani kwa kidole kimoja kutoka mwisho hadi mwisho. Unapaswa kwenda kwa uzito mmoja njia nzima, mwepesi kiasi kwamba ukiinamisha gari ubavu, usukani unaanguka wenyewe kuelekea chini. Ukikwama mahali fulani, au ukiwa mzito upande mmoja, basi hata mkono wa servo ukae vizuri namna gani, gari halitarudi katikati sawasawa: litakuwa linarudi vizuri kutoka kushoto na kubaki limepinda kidogo kutoka kulia.

Hapa kwetu nina sababu ya kukaa juu ya jambo hili. Vumbi la Goma si vumbi la Lubumbashi. Lile jekundu la kule ni laini, linapaka kila kitu rangi na kuziba, lakini hapa tunaendesha juu ya mawe yaliyotoka volkano ya Nyiragongo, yakapondwa na matairi na kusambazwa kwenye barabara na nyua zetu. Chembe zake ni ngumu na zina kona kali kama vipande vya chupa. Zikiingia kwenye kiungo cha usukani, yaani kigololi kidogo cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki, zinakila kikombe kutoka ndani. Tena nyingi zina madini yanayovutwa na sumaku. Pitisha sumaku ya spika ya zamani juu ya mchanga wa barabarani uone inavyoota manyoya meusi. Mota ya gari ina sumaku, na mota ndogo iliyo ndani ya servo nayo ina sumaku. Kwa hiyo chembe hizo haziji kwa bahati mbaya tu, zinaitwa.

Ndiyo maana nilisikitika kidogo kusoma kwamba umepaka mafuta. Mafuta kwenye viungo vya nje hukusanya mchanga na kuwa uji wa kusagia, na kwa wiki mbili kiungo kilichokuwa kinabana kitakuwa kinacheza. Ondoa mafuta yote kwa mswaki wa zamani na alkoholi ileile ambayo mafundi wa simu pale Birere hutumia kusafishia bodi. Usitumie petroli, maana plastiki nyingine hulainika au kupasuka. Ng'oa kila kikombe kutoka kwenye kigololi chake, futa vyote viwili, virudishe. Kiungo kikibana baada ya kusafishwa, kwaruza unga kidogo wa penseli uweke ndani: grafiti huteleza bila kushika vumbi. Uangalie usimwagike kwenye nyaya na bodi, kwa sababu grafiti hupitisha umeme. Kama kikombe kinacheza mpaka ukikisikia kikigonga, hakuna dawa, badilisha.

Usukani ukishakuwa mwepesi, rudisha magurudumu, na tunakuja kwenye kazi yenyewe. Fungua skrubu ya katikati ya mkono wa servo na uung'oe mkono kwa kuuvuta wima, bila kuupinda. Rudisha trimu sifuri. Kama telekomande yako ina trimu ya pili ndani ya menyu, nayo sifuri. Washa telekomande kwanza, kisha gari. Servo italia kidogo na kusimama. Hapo ndipo katikati yake. Usiizungushe kwa mkono. Chukua mkono wake, uushike juu ya meno ukiwa umepima kwamba, kijiti kikiunganishwa, mkono na kijiti vitafanya kona mraba, digrii 90, huku magurudumu yakitazama mbele. Jaribu jino moja, tazama. Jaribu linalofuata, tazama. Hutaupata mraba kamili mara zote, lakini ukichagua jino lililo karibu zaidi, kosa litakalobaki halizidi nusu ya jino, yaani digrii 7.2. Kiasi hicho trimu inakimudu, na upande mmoja hautapoteza zaidi ya nusu ya mwendo unaopotezwa na kosa la jino zima.

Wakati mkono uko nje, hesabu meno ya servo ya zamani na ya mpya. Mkono wa meno 25 ukilazimishwa juu ya meno 24 unaweza kuingia na kushika siku mbili tatu, kisha ukaanza kuruka, na ukiruka usukani unahama wenyewe katikati ya mchezo. Kama huo ndio mkono uliotumia, utafute ule uliokuja na servo mpya.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wengi huipenda, nami nakukataza. Ni ile ya kuuacha mkono ulipo, umeinama, na kurefusha kijiti mpaka magurudumu yanyooke. Kwa macho gari linaonekana limepona. Lakini mkono wa servo unachora tao, na tao halisukumi kijiti kwa kiasi kilekile kila mahali: karibu na kona mraba kila digrii inasukuma sana, na kadiri mkono unavyoelekea kulala sambamba na kijiti, digrii ileile inasukuma kidogo. Chukua mkono wa milimita 10 ulioinama digrii 14.4 wakati magurudumu yamenyooka, uuzungushe digrii 45 kila upande. Upande mmoja kijiti kitasogea milimita 7.6, upande wa pili 6.1. Servo imezunguka sawa kabisa, lakini gari limepewa usukani wa aina mbili. Nami sisemi haya kwa kusoma tu. Miaka iliyopita nilikaa jioni mbili nikichonga kwa wembe kizuizi cha plastiki cha upande wa kulia wa gari langu, nikiamini ndicho kinachoyazuia magurudumu, na kosa lilikuwa jino moja. Kizuizi kile hakikurudi; hadi leo tairi la kulia la gari lile hukwangua chasi kila ninapogeuza kwa nguvu.

Baada ya mkono kukaa, rudisha skrubu yake na kijiti, kisha pima vijiti viwili vinavyokwenda kwenye magurudumu. Kama ni vya chuma vyenye nati katikati, kawaida ncha moja ina uzi wa kulia na nyingine uzi wa kushoto, hivyo kuzungusha sehemu ya kati kunakirefusha au kukifupisha kijiti bila kukifungua. Pima kutoka katikati ya kikombe kimoja hadi katikati ya kingine. Viwili vilingane, nusu milimita ni nyingi kwa gari la kipimo hiki. Kama ni vya plastiki visivyorekebishika, viweke mezani kimoja kando ya kingine: kilichopinda baada ya kugonga ukuta kitakuwa kifupi, na huwezi kukinyoosha kikabaki hivyo. Kisha weka rula ubavuni mwa gurudumu la nyuma, ielekee mbele, na ulinganishe magurudumu ya mbele ya pande zote mbili. Yakitazama nje au ndani kidogo kwa kiasi sawa si neno. Moja likitazama ndani na jingine likitazama mbele, bado hujafika katikati.

Hapa utaona kitu ambacho huwatia wasiwasi wazazi wengi wanaoniletea magari: ukipinda usukani mpaka mwisho, gurudumu la ndani ya kona limegeuka zaidi kuliko la nje. Hiyo si hitilafu. Gurudumu la ndani linachora duara dogo zaidi, kwa hiyo linahitaji pembe kubwa zaidi. Ni kanuni ya zamani kuliko motokari zenyewe. Georg Lankensperger wa Munich aliibuni kwa ajili ya magari ya farasi, na Rudolph Ackermann akaiandikishia hati miliki London mwaka 1818. Unachopaswa kulinganisha ni gurudumu la ndani wakati wa kona ya kushoto na gurudumu la ndani wakati wa kona ya kulia. Kulinganisha magurudumu mawili katika kona moja hakukuambii lolote.

Kati ya servo na vijiti, gari lako huenda lina kifaa cha springi cha kuikinga servo: gurudumu likigonga jiwe, springi inapokea pigo badala ya meno. Nadhani ndicho kilichoshindwa kazi ile servo ya kwanza ilipokatika. Washa gari, shika gurudumu moja la mbele na ulisukume kushoto mpaka springi ifunguke kidogo, uliachie, halafu kulia. Lazima lirudi mahali palepale kutoka pande zote mbili. Springi iliyochoka huacha pengo la upande mmoja, na dalili yake inafanana kabisa na ya servo mbovu: gari linapinda vizuri likiwa limeinuliwa hewani, lakini chini, penye uzito na msuguano, upande mmoja unalegea. Ukiona tofauti kati ya hewani na chini, usiilaumu servo kabla ya kuitazama springi hiyo.

Mwisho wa marekebisho ya mitambo ndipo telekomande inapoingia. Zile nzuri zina marekebisho ya mwisho wa mwendo, kushoto peke yake na kulia peke yake. Anza na kiasi kidogo pande zote mbili, pinda mpaka mwisho, na uongeze taratibu hadi gurudumu linapokaribia kizuizi chake bila kukisukuma. Sikiliza: servo inayosukuma kitu kisichosogea hunguruma, na ukiiacha inguruma hivyo dakika chache, inapata joto na mota yake ndogo huungua. Kama telekomande yako ina kitufe kimoja tu cha kupunguza mwendo wa pande zote kwa pamoja, kitumie kulinda upande unaofika mwisho mapema. Sasa rudi kwenye chaki. Vipenyo viwili vikitofautiana kwa sentimita chache katika duara la mita mbili, mwanao hataona, nami pia nisingeona.

Kama baada ya haya yote gari linapinda sawa lakini linavuta upande likienda moja kwa moja, hilo ni jambo jingine, na mara nyingi halitoki kwenye usukani. Inua gari na uzungushe kila gurudumu kwa kidole. Linalosimama mapema lina beringi iliyojaa mchanga au nati iliyokazwa kupita kiasi. Linganisha pia kipenyo cha matairi ya kushoto na ya kulia, hasa kama moja limebadilishwa peke yake.

Kwa wasomaji wenye gari la bei nafuu zaidi, fungueni mtazame nyaya za usukani kabla ya kufuata maelezo haya. Servo ya kawaida ina nyaya tatu. Zikiwa tano, mbili ni za mota na tatu ni za potensiometa inayoiambia bodi ya gari magurudumu yapo wapi. Hapo gari lisilorudi katikati mara nyingi lina uchafu ndani ya potensiometa, na tone la alkoholi huku ukiizungusha mara ishirini hivi huiponya, angalau kwa muda. Zikiwa mbili tu, usukani wenu unajua kushoto kote, kulia kote na katikati ya springi, basi. Marekebisho yake yako kwenye kiswichi kidogo chini ya chasi, mbele, ambacho watoto hukisogeza bila mtu kuona.

Na wewe, Mwalimu, kazi ikiisha na kabla ya kufunga kifuniko, chukua rangi ya kucha nyumbani, uchore mstari mwembamba mmoja unaotoka juu ya mkono wa servo na kushuka kwenye mwili wake, servo ikiwa imewashwa na iko katikati. Siku mwanao atakapogonga tena ngazi ya baraza, tazama mstari huo kabla ya kugusa trimu. Ukiwa umekatika, mkono umeruka jino, na unajua la kufanya.